Ukimuuzia shabiki mwenzako kombi, muuzie na daftari

Haya jamani, nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na wengine mmeshaanza kusema kwamba nimeacha kompyuta nikaenda kulima. Hamkukosea sana. Nilikuwa nyumbani Ndithini, lakini si kwa ajili ya shamba. Nilikuwa nauza kombi.

Ndiyo, ile ile ambayo nimewasumbua nayo miaka yote hii. Leo basi sitaandika juu ya programu, au tuseme nitaandika juu ya programu kwa njia ya kuzunguka, maana kuuza gari lile kumenifunza jambo ambalo miaka 4 ya kusomea sayansi ya kompyuta ilinigusia tu. Jambo lenyewe ni hili: ukimuuzia mgeni unaweza kumuuzia chombo, lakini ukimuuzia shabiki mwenzako ni lazima umuuzie na aibu zako zote. Usipofanya hivyo umemwibia, hata kama kila shilingi imelipwa kwa hiari.

Nianze mwanzo. Kwa asiyepajua, Ndithini ni wadi katika Masinga, kaunti ya Machakos. Huku kwetu mvua ni kama mgeni wa mjini, huja amechelewa na kuondoka kabla chai haijaiva. Nyumba ya Mama ina paa zuri la mabati, lakini mvua inaponyesha maji yote yanakwenda zake kwa sababu hatuna tangi la maana. Kisha miezi inayofuata tunanunua maji kwa mtungi, yakiletwa na punda. Dadangu mdogo naye yuko chuo kikuu na karo haingoji. Chini ya mwembe kulikuwa na kombi inayotoka mara moja kwa miezi mitatu. Hesabu haikuhitaji kompyuta.

Sasa, gari lenyewe. Ni Volkswagen Kombi ya mwaka 1978, ya kizazi cha pili, kile kilichoanza mwaka 1967 na kuachwa Ujerumani mwaka 1979. Brazili waliendelea kuunda kombi za aina hii hadi Desemba 2013, wakasimama kwa sababu sheria yao ilitaka kila gari jipya kuanzia 2014 liwe na mifuko ya hewa na breki za ABS, na umbo lile la kizamani halikuweza kubeba mambo hayo. Injini iko nyuma, 1600, inapozwa kwa hewa, haina rejeta wala maji. Ni ndugu wa injini ya Beetle, gari lililoshinda mashindano ya Safari hapa kwetu mwaka 1954, 1957 na 1962. Mafundi wengi wazee wa Nairobi wanaijua injini hii kama wanavyojua viganja vyao. Tatizo ni kwamba wazee hao wanapungua kila mwaka.

Kombi nzima zilizobaki nchini ni chache, na huwezi kwenda tu mtandaoni ukaagiza nyingine kutoka Uingereza, kwa sababu kiwango cha KS 1515 hakiruhusu gari kuukuu la zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo zilizopo ndizo zilizopo.

Hii yetu ilibeba watalii. Paa lake lilikatwa ili linyanyuke, watu wasimame wawaone simba. Dereva wake alikuwa Mjomba, na kampuni ilipotaka kuitupa yeye akainunua. Mwaka 2019 macho yake yalipoanza kufifia akaniuzia kwa bei ya mchezo, akaniambia, "Chukua, lakini uandike." Alimaanisha daftari. Mjomba tangu siku ya kwanza alikuwa na daftari la kurasa 200, lenye jalada gumu, na kila alichoigusia kombi ile alikiandika humo: tarehe, kilomita, oili, vali, nani alifanya, shilingi ngapi. Risiti alizibandika kwa gundi. Mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta alikuwa na mazoea ambayo waandishi wengi wa programu ninaowafahamu hawana.

Mwaka 2020 corona ilipotufungia, nilirudi Ndithini na kombi ikawa ofisi na chumba changu. Niliweka kitanda kinachokunjwa, paneli ya sola ya wati 200 juu ya paa, betri ya pili ya lithiamu ya 100 Ah, friji ndogo, na kidude cha ESP32 kinachosoma joto la silinda ya 3, ile ambayo wenye injini hizi huilalamikia kwamba hupata moto kuliko wenzake, na kuonyesha kwenye simu. Nilijivuna sana. Nilikuwa natuma kazi ya wateja wa ng'ambo nikiwa nimeketi ndani ya gari lililonizidi umri kwa karibu miaka 20, mbuzi wakinichungulia mlangoni.

Haya, nilipotangaza kwamba nauza, wakaja wanunuzi wawili wa kweli. (Wa uongo walikuwa wengi, hao tuwaache.)

Wa kwanza alitaka kuifanya kibanda cha kahawa kando ya barabara kuu. Alikuwa mtu muungwana kabisa. Alisema wazi kwamba angetoa injini aiuze, akate ubavu mmoja aweke dirisha la kuuzia, na gari lisingetembea tena. Bei yake ilikuwa shilingi 720,000. Hakuuliza swali hata moja juu ya injini, maana haikumhusu.

Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Thika. Alikuwa na kombi ujanani akaiuza wakati wa kusomesha watoto, na miaka yote hiyo alikuwa akitafuta nyingine. Huyu bei yake ilikuwa 600,000, na nilimwona kwamba hana zaidi. Alifika asubuhi na mapema, akaizunguka kombi mara tatu bila kusema neno, kisha akaweka mkono kwenye bodi kama mtu anayempapasa ng'ombe. Nilijua pale pale kwamba nitamuuzia yeye. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo hatari ilipoanza.

Kwa nini nasema hatari? Kwa sababu shabiki ameshanunua kabla hajafika. Yule wa kahawa aliangalia bati tu, na bati halidanganyi. Mwalimu aliangalia ujana wake. Aidha aliniona mimi kama mtu wa kabila lake, kabila la kombi, na mtu hatarajii kudanganywa na wa kwao. Nilipowasha injini ikaitika mara moja, aliangua kicheko kama mtoto. Ningeweza kumwambia lolote.

Mnakumbuka habari ya Steve Jobs? Apple ilipoanzishwa mwaka 1976, mtaji wa kwanza ulipatikana kwa Steve Wozniak kuuza kikokotoo chake cha HP-65, na Jobs kuuza kombi yake ya Volkswagen. Hadithi hii hupenda kusimuliwa kama mfano wa kujitoa mhanga. Sehemu inayosahaulika imo katika wasifu wake ulioandikwa na Walter Isaacson na kutoka mwaka 2011: wiki mbili baada ya mauzo, aliyeinunua kombi alirudi akisema injini imekufa, na Jobs akakubali kulipa nusu ya gharama ya kuitengeneza. Mimi hiyo nusu ndiyo inayonivutia kuliko Apple yenyewe. Kisheria pengine asingedaiwa kitu. Hata hapa Kenya, ukiuza gari lako kuukuu kama mtu binafsi, si kama mfanyabiashara wa magari, sheria kwa sehemu kubwa inamwachia mnunuzi jukumu la kujihadhari. Kama hukumwambia uongo na yeye hakuuliza, shauri lake. Kwa hiyo sheria haikusaidii kujua la kufanya. Unabaki wewe na dhamiri yako chini ya mwembe.

Tukaketi. Mama akaleta muthokoi na chai, Mjomba naye akaja na mkongojo wake. Mwalimu akaomba daftari. Alilisoma kama mtu anayesahihisha mtihani, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari. Akapita miaka ya Mjomba, akafika yangu. Halafu akasimama.

"Kijana," akasema, "kati ya Machi na Agosti 2021 hakukutokea kitu?"

Kulitokea. Katika miezi hiyo ndipo nilipofunga betri ya pili. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na kazi ya mteja ya kumaliza, na nilivuta waya mnene kutoka betri hadi nyuma bila kuweka fyuzi, nikijiambia nitaiweka wiki ijayo. Waya huo ulipita karibu na mpira wa petroli. Mtu yeyote anayezijua kombi hizi ameshaelewa. Mipira ya petroli ikizeeka hupasuka, petroli hudondokea injini yenye moto, na sehemu kubwa ya mwili wa injini yenyewe ni ya aloi ya magnesiamu ambayo ikishika moto haizimiki kwa ndoo ya maji. Siku moja mwezi Julai nilisikia harufu, nikainua kiti, nikakuta ganda la waya limeyeyuka. Nilikuwa nalala humo kila usiku. Nikasogeza waya, nikazungushia tepu, nikabadilisha mpira wa petroli. Fyuzi bado sikuweka. Kwenye daftari la Mjomba sikuandika neno, kwa sababu niliona haya alione.

Na nikiri jambo jingine. Sikuwa na mpango wa kumwambia Mwalimu. Sikuwa nimepanga kumdanganya pia, nilikuwa nimepanga tu kunyamaza, na kunyamaza kuna ladha ya uaminifu ukiwa ndiwe unayenyamaza. Lakini daftari lilikuwa limeshanisema. Watu wanadhani rekodi husema kwa yale yaliyoandikwa tu. Rekodi iliyotunzwa vizuri kwa miaka hata pengo lake linapiga kelele.

Nikainuka, nikafungua kiti, nikawaonyesha. Mjomba hakusema kitu, akatazama pembeni. Hilo liliniuma kuliko matusi. Mwalimu akachuchumaa, akaangalia muda mrefu, kisha akauliza kama kuna mengine. Nikachukua kalamu, na palepale kwenye ukurasa mpya nikaandika yote niliyoyajua:

1. Waya wa betri ya pili hauna fyuzi. Usiguse friji hadi ufungwe upya.
2. Paa la kunyanyuka huvuja kona ya nyuma kushoto mvua ikija kwa upepo. Nimeziba mara mbili, haijasikia.
3. Gia ya pili hulia ikiwa baridi.
4. Kutu chini ya zulia upande wa abiria imefunikwa kwa rangi, haikukatwa.
5. Kipima joto cha silinda ya 3 husoma juu kidogo. Sijui kwa kiasi gani, kwa hiyo kichukue kama onyo na si kama kipimo.
6. Namba ya injini si ile iliyo kwenye logbuku.

Hiyo ya 6 ndiyo iliyotuchelewesha mwezi mzima. Injini ya kwanza ilikufa, na mwaka 1996 Mjomba akanunua nyingine Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, pale ambapo wengi bado wanapaita Grogan. Hakubadilisha logbuku. Mwalimu alitaka tuachane nayo. "Sisi ni watu wa kombi," alisema, "hayo tutayamaliza baadaye." Nilikataa, na hapa nawaomba wasomaji mnisikilize vizuri: kati ya marafiki, "baadaye" haiji. Siku akipata ajali, siku akitaka kuiuza, siku polisi wakilinganisha namba, hayo mapenzi yenu ya kombi hayatasomeka kwenye karatasi. Tukarekebisha kwanza: ombi la kubadilisha taarifa za gari, ukaguzi, logbuku mpya. Na unajua kilichotuokoa? Risiti ya injini ya mwaka 1996, yenye namba, iliyobandikwa kwa gundi kwenye daftari. Baada ya hapo tukaingia eCitizen, mimi nikaanzisha uhamisho, yeye akakubali kwa simu yake, na pesa zikapita benki. Bei ilishuka kutoka 600,000 hadi 560,000. Hakuomba kupunguziwa. Mimi ndiye niliyekata 40,000, makisio ya fundi wa kufunga nyaya zote upya.

Sasa turudi kwenye kazi yetu ya kompyuta, ili msiseme nimewapoteza. Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa programu ambayo aliyeiandika alikuwa ameshaondoka. Hakuacha maelezo. Kila kitu kilifanya kazi hadi siku kilipoacha, na ndani yake nilikuta mistari ambayo bila shaka aliiandika saa nane za usiku akijiambia atarudi wiki ijayo. Ilinichukua miezi kujua vitu ambavyo yeye angevieleza kwa ukurasa mmoja. Nilimtukana sana yule bwana. Chini ya ule mwembe niligundua kwamba nami nilitaka kuwa yeye.

Chombo kilichotoka kiwandani kina kitabu chake. Ukishakigeuza, kitabu hicho kinakuwa cha uongo, na ukweli unabaki kichwani mwako. Mchoro wa nyaya wa Volkswagen haujui lolote kuhusu betri yangu ya lithiamu. Mwaka 1969 mhandisi Mmarekani aitwaye John Muir alitoa kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kuitunza Volkswagen yake, How to Keep Your Volkswagen Alive, na naamini Volkswagen nyingi ziko hai leo kwa sababu mtu mmoja aliyejua alikubali kuandika kwa lugha ya asiyejua. Daftari la Mjomba ni kitabu kama hicho, ila ni cha gari moja tu duniani. Kombi bila daftari lile ni nusu ya kombi. Ndiyo maana nasema kuuza chombo ulichokigeuza bila maandishi ni kuuza nusu na kupokea bei ya kizima.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa magari makuukuu na kwa programu, mimi naona methali hii inatudanganya. Kizuri kinachojiuza hujiuza pamoja na ubaya wake, na mnunuzi atakutana nao peke yake barabarani, usiku. Afadhali ile nyingine, mficha uchi hazai.

Lakini nisijifanye mtakatifu. Nilipokwisha kuhesabu, Mama aliniuliza swali ambalo sijalipatia jibu zuri. "Yule wa kahawa alikuwa na 720,000. Huyu kakupa 560,000. Hiyo 160,000 iliyobaki njiani ni ya nani?" Nikaanza kueleza habari ya kombi kuendelea kuishi, ya vitu adimu, ya mafundi wazee. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa. Basi tutanunua tangi moja."

Tangi moja la lita 10,000 badala ya mawili. Hiyo ndiyo gharama ya mapenzi yangu, na aliyelipa sehemu yake ni Mama, ambaye hakuwahi kuipenda kombi ile. Kwa hiyo wale mnaosema kwamba ni wajibu kumuuzia shabiki mwenzako hata kwa hasara, mimi siungani nanyi. Kumchagua mnunuzi ni anasa. Kama una uwezo wa anasa hiyo, jipe, lakini usiiite wema, na kwanza uulize nyumbani. Yule wa kahawa hakuwa na kosa lolote. Kumwambia mnunuzi ukweli, huo ndio wajibu, na hauhusiani na kama ni shabiki au si shabiki. Tofauti ni kwamba mgeni atakulazimisha kwa maswali. Shabiki hatakulazimisha, atakuamini tu, na kwa hiyo itabidi ujilazimishe mwenyewe.

Daftari nililitoa. Usiku wa kuamkia siku ya kuondoka kwa kombi niliketi na Mjomba, nikapiga picha kila ukurasa kwa simu, naye akinisimulia safari zilizokuwa nyuma ya kila mstari wa oili. Tulipofika kwenye zile kurasa za 2021 akanyoosha mkono. Nikadhani anataka kufunga daftari. Alitaka kalamu. Kwa ule mwandiko wake wa macho mabovu akaandika kwenye nafasi tupu: "Waya. Kijana hakuandika. Sasa ameandika." Kisha akatia tarehe.

Mwalimu aliondoka saa tatu asubuhi, fyuzi mpya ikiwa mahali pake, friji imezimwa. Wiki iliyopita alinitumia picha ya ukurasa mpya: vali zimerekebishwa, 0.15 mm, Thika. Mwandiko wa mwalimu, mzuri kuliko wangu na wa Mjomba.

Mvua bado haijafika Ndithini, lakini tangi lipo linaingoja. Nami nimerudi mezani, na kazi ya kwanza niliyofanya ni kufungua programu moja niliyomwandikia mteja mwaka jana, nikatafuta pale nilipoandika "nitarekebisha baadaye". Palikuwa mahali 11. Wewe je, pako ni mangapi? :-)

Tukutane wiki ijayo, tukijaliwa.